Kura na Darasa la Nane



Kila uchaguzi unapomalizika, hasa pale matokeo yanapowaudhi watu wa mjini, hoja moja huibuka tena: iweje kura ya mhadhiri wa chuo kikuu ihesabiwe sawa na kura ya mtu asiyejua kusoma hata jina lake? Wapo wanaodai mpiga kura awe na cheti cha kidato cha nne. Wapo wanaotaka mtihani mfupi wa uraia kabla ya mtu kupewa kadi. Nimewasikiliza kwa makini, kwani wengi wao wanaipenda nchi na wana uchungu nayo. Lakini wanazungumza kana kwamba hili ni wazo jipya linalosubiri kujaribiwa. Lilikwishajaribiwa hapa hapa kwetu, na baadhi ya wazee waliolipitia wangali hai.

Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ili kuandikishwa, mtu alipaswa kuwa ametimiza miaka 21, na juu ya hapo awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Akishavuka hapo, alilazimika kumchagua mgombea mmoja Mwafrika, mmoja Mwasia na mmoja Mzungu. Asipowachagua wote watatu, kura yake iliharibika. Hii ndiyo kura tatu ambayo TANU iliijadili kwa uchungu kule Tabora, Januari 1958. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki licha ya ubaya wake, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara.

Tunapoukumbuka mkutano wa Tabora huwa tunazungumzia rangi. Darasa la nane hatulizungumzii sana, nami naona tunakosea. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni tisa, na walioandikishwa kupiga kura walikuwa kama elfu sitini. Pale ambapo shule za kumfikisha mtoto darasa la nane zilikuwa za kuhesabika, sharti lile liliwafungia watu mlango bila kutaja rangi ya mtu yeyote.

Chukueni wanawake wa Dar es Salaam. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU. Alianzia kwenye vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, maana yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha Bomba, na alijua kwamba kila kikundi kina viongozi wake, michango yake na nidhamu yake. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao elfu tano walikuwa wamekata kadi. Walikuwemo wauza vitumbua, wapika maandazi na mama wa nyumbani. Walipeleka habari za mikutano nyumba kwa nyumba, wakachangisha fedha, wakajitokeza hadharani wakati ambapo watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama.

Swali kubwa la siasa la wakati ule lilikuwa moja: nchi hii itawaliwe na nani? Wanawake hawa walikuwa na jibu, na walilifanyia kazi kwa miguu yao. Siku ya kura ilipofika, wengi wao hawakuruhusiwa kulitoa. Karani mwenye darasa la nane, ambaye kwa amri ya mwajiri wake hakutakiwa hata kuishika kadi ya TANU, ndiye aliyehesabiwa kuwa na akili ya kuchagua.

Mtu ataniambia: lakini hao elfu sitini walichagua vizuri. Ni kweli. Chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining, kilitarajiwa kupendwa na watu wa tabaka hilo hilo lenye elimu na kipato, na kilishindwa vibaya mno. Waliopewa kura waliitumia kwa ajili ya ndugu zao waliofungiwa nje, na tunawashukuru kwa hilo. Ila mama wa vitumbua hakuwa na namna ya kuwawajibisha kama wangefanya kinyume. Alitegemea wema wao, na mtu anayetegemea wema wa mwenzake hajapata haki yake. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, ikatosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na daftari likakaribia majina laki tisa. Uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 ukafunguliwa kwa watu wazima wote.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Kwa uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika, Machi 1957, serikali ilifuata mapendekezo ya Walter Coutts. Mwafrika alipimwa elimu yake, kipato au mali yake, miaka yake ya utumishi, na mengine ya namna hiyo. Aliyetimiza sifa kadhaa aliweza kuwa na kura mbili, hata tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuthibitisha kwamba walikuwa watiifu kwa serikali dhidi ya Mau Mau. Angalieni jinsi mtihani wa elimu na mtihani wa utii ulivyokaa bega kwa bega katika sheria moja. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya. Anayepewa mamlaka ya kuamua nani ana akili ya kuchagua hatachelewa kugundua kwamba wenye akili ni wale wanaokubaliana naye. Hata hivyo wale wanane waliochaguliwa, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Ronald Ngala, waliingia barazani wakaanza mara moja kuipinga katiba iliyowaingiza.

Wazo la kura nyingi kwa msomi lilikuwa na baba yake Uingereza. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliliandika mwaka 1861. Mill alikuwa mtu mwenye moyo mpana kwa zama zake. Alitaka wanawake wapige kura wakati wenzake wakilicheka jambo hilo. Lakini alitaka asiyejua kusoma, kuandika na kuhesabu asipige kura kabisa, na mwenye elimu kubwa awe na zaidi ya moja. Mtu huyu huyu alikuwa ameitumikia Kampuni ya Uhindi Mashariki kwa miaka 35, na aliamini kwamba watu wa India hawajafikia hatua ya kujichagulia serikali.

India ilimjibu. Uchaguzi wake mkuu wa kwanza baada ya uhuru ulianza mwishoni mwa mwaka 1951 na kumalizika mwaka 1952, ukiwa na wapiga kura wapatao milioni 173. Sensa ya mwaka 1951 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika hawakufika hata mmoja kati ya watano. Tume ya Uchaguzi chini ya Sukumar Sen haikusema tuwangoje wasome kwanza. Ilitafuta alama: jozi ya ng'ombe wa jembe kwa chama cha Congress, na alama nyingine kwa kila chama, zikabandikwa kwenye masanduku ili mtu atumbukize karatasi yake anapotaka.

Robo karne baadaye wapiga kura hao walipewa mtihani wa kweli. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari, akawafunga wapinzani na kuyaziba mdomo magazeti. Wapo wasomi na wenye viwanda waliosifu nidhamu iliyoletwa. Vijijini kaskazini mwa nchi, wanaume maskini walikuwa wakikamatwa na kulazimishwa kufungwa uzazi, na mitaa ya mabanda mjini Delhi ilibomolewa. Uchaguzi ulipoitishwa Machi 1977, wananchi waliiondoa serikali, na Indira Gandhi mwenyewe akapoteza jimbo lake la Rae Bareli. Waliolielewa jambo lile mapema kuliko wengine ni wale lililowafika mwilini. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sijui hoja ya mwanafalsafa yeyote inayolieleza suala la kura vizuri kuliko hapo.

Kuna ujuzi wa namna mbili ambao watu wa mitihani wanauchanganya. Kupanga riba ya benki kuu, kuandika mkataba wa gesi, kuchagua chanjo: hayo yanataka wataalamu, na hakuna anayemwomba mpiga kura ayafanye. Mpiga kura anaulizwa jambo jingine. Anaulizwa kama miaka mitano iliyopita imekuwa mizuri kwake na kwa watoto wake, kama zahanati ina dawa, kama mbolea ya ruzuku ilifika kabla ya mvua au baada yake, kama mgambo anamwonea, kama mbunge aliyeahidi kurudi alirudi. Katika hayo mkulima wa Songea anamzidi mchumi wa Dar es Salaam.

Huko Marekani mtihani wa mpiga kura uliishi muda mrefu kuliko kwingi. Katiba ya jimbo la Mississippi ya mwaka 1890 ilimtaka anayejiandikisha aweze kusoma kifungu cha katiba, au kukifafanua anaposomewa, na aliyeamua kama maelezo yametosha alikuwa karani wa uandikishaji, ambaye ni Mzungu. Alabama na Louisiana nao walikuwa na mitihani yao. Katika wilaya ya Macon, Alabama, ilipo Taasisi ya Tuskegee, walimu weusi wenye shahada za uzamivu walizungushwa na kunyimwa uandikishaji miaka nenda miaka rudi, huku Wazungu wa elimu ndogo wakiandikwa bila maswali. Basi mtihani ule haukuwa wa elimu. Ulivunjwa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965.

Mwezi uliofuata, Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Sitaupamba kuliko ulivyostahili. Wagombea walipitishwa na chama, na asiyependa chama hicho hakuwa na pa kwenda. Lakini kila jimbo lililoshindaniwa lilikuwa na wagombea wawili, na ili wasiojua kusoma wasikose, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Wakati huo watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Kwa jembe na nyumba, walimwangusha Paul Bomani, aliyekuwa waziri wa fedha. Bibi Titi naye, pamoja na sifa zake zote, alipoteza kiti chake cha Rufiji. Waliochagua hawakuwa watu wa kuyumbishwa na jina kubwa.

Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa jambo gumu zaidi. Rasimu ya katiba ni maandishi ambayo hata wanasheria hubishana juu yake. Mwezi Novemba 2005 wananchi walipewa ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana, wakaikataa rasimu iliyoonekana kumwachia rais mamlaka makubwa mno. Agosti 2010 wakapewa kijani na nyekundu, wakaipitisha katiba nyingine ambayo majirani wengi wanaionea wivu hadi leo.

Sasa niwageukie wasomi, tabaka ninalotoka. Ujerumani ya mwaka 1932 ilikuwa miongoni mwa nchi zenye elimu kubwa kuliko zote duniani, na kati ya wafuasi wa mapema wa Hitler walikuwemo wanafunzi wa vyuo vikuu. Umoja wa wanafunzi ulikuwa mikononi mwa Wanazi tangu mwaka 1931, miaka miwili kabla ya serikali yenyewe. Karibu zaidi na kwetu, Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, alikuwa profesa wa historia. Alihukumiwa hapa Arusha, mwaka 2003. Shahada humpa mtu uwezo, na uwezo huo unaweza kutumika kuua. Wanaotaka kuikabidhi nchi kwa wenye vyeti peke yao sharti waeleze cheti kipi kingemzuia Nahimana.

Na tuulize pia chaguzi zetu zilizoharibika ziliharibiwa na nani. Kwenye mchujo wa chama cha KANU wa mwaka 1988, ule wa mlolongo, wananchi wa Kenya walijipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao. Mtu asiyewahi kukaa darasani aliiona kwa macho yake foleni ndefu na foleni fupi, kisha akasikia mwenye foleni fupi akitangazwa mshindi. Malawi mwaka 2019 fomu za matokeo zilifutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya, mpaka mahakama ikaubatilisha uchaguzi wa rais Februari 2020. Kalamu zile zilishikwa na watu waliojua kusoma na kuandika. Makosa ya ujinga wa mpiga kura yapo, lakini katika historia yetu ni madogo mbele ya makosa ya ujuzi wa anayehesabu kura.

Zipo hoja mbili za upande wa pili ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni kununuliwa. Kanga, sukari, chumvi na elfu tano hubadili kura, na aliye maskini ndiye anayebadilishwa kwa urahisi. Nakubali kwamba jambo hili lipo na linaniumiza. Ila mkumbuke kwamba mwaka 2000 Bunge letu liliandika takrima ndani ya sheria ya uchaguzi, likaihalalisha chini ya jina la ukarimu wa desturi, na ikabidi Mahakama Kuu iifute mwaka 2006. Waliopitisha kifungu kile ndio watoaji, na hawakuwa watu wa kisomo cha jioni. Dawa ya rushwa ni kumshitaki anayetoa. Kumnyang'anya kura anayepewa ni kumwadhibu mara mbili kwa umaskini mmoja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi kukusanya maoni, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hapo, wanasema watu wa mitihani, wachache wenye upeo waliona mbali kuliko umma. Nami naamini kabisa uamuzi wa mwaka 1992 ulikuwa sahihi. Lakini ulikuwa sahihi kwa sababu haki ya wachache kuunda chama si ya wengi kuiondoa, hata wangekuwa asilimia 99, hata wangekuwa wote maprofesa. Hiyo ni kazi ya katiba, kuwawekea mpaka wapiga kura wote, wasomi kwa wasiosoma. Na baada ya mpaka kuwekwa, hakuna hata mmoja kati ya wale asilimia 80 aliyenyang'anywa kura kwa kuwa alijibu vibaya.

Nani basi apige kura? Jibu langu ni fupi. Kila mtu mzima ambaye sheria za nchi zitamfunga ni lazima awe na sauti juu ya wanaozitunga. Katiba yetu, ibara ya 5, inataja raia na miaka 18, haitaji shule. Nawaongeza wafungwa pia. Kenya iliwaruhusu kupiga kura ya maoni ya mwaka 2010 na gereza halikuanguka. Na kama kuna wa kupewa mtihani, katiba hiyo hiyo imeuweka mahali pake katika ibara ya 67: mbunge sharti ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kwani yeye ndiye atakayewekewa miswada mezani. Anayeomba madaraka ndiye apimwe.

Baada ya kusema yote haya, sitaki mtu aondoke hapa akidhani naona elimu haina maana kwa demokrasia. Ina maana kubwa mno. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuijua zahanati isiyo na dawa, lakini atapata shida kujua kama fedha za dawa zilitolewa na zikaishia wapi. Hapo anahitaji kusoma, kuhesabu, na kusikia habari zisizopotoshwa. Ninachokataa ni kumdai yeye deni ambalo yeye ndiye anayelidai. Kuna wakati serikali yetu ililielewa hilo. Mwaka 1970, ukiwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kulikuwa na mpango wa vikundi vya kusikiliza redio ulioitwa Uchaguzi ni Wako: watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi juu ya uchaguzi, wakajadiliana na kuuliza. Miaka mitatu baadaye njia hiyo hiyo ikatumika kwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili wakashiriki. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kazi ile ilifanywa chini ya miembe, kwenye ofisi za vijiji, na walimu waliofundisha watoto asubuhi na wazazi wao alasiri. Ilitokea baada ya watu kupewa kura, si kabla.

Tangu hapo tumelegea. Darasa la kisomo limekufa katika vijiji vingi. Elimu ya mpiga kura huletwa wiki chache kabla ya uchaguzi, kwa vipeperushi na magari ya matangazo, kisha husahauliwa kwa miaka mitano. Na kwa miongo mingi sheria tulizomtaka mwananchi azijue ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri zile za zamani ni kubwa. Mtu tuliyemfichia sheria katika lugha asiyoijua, hatuna haki ya kumwita mjinga wa sheria.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Halmashauri zirudishe madarasa ya kisomo, na ziyatengee fungu katika bajeti kama zinavyotenga la barabara. Redio za mikoani, zinazosikika hata pale gazeti lisipofika, ziwe na kipindi cha kila wiki cha kusoma bajeti ya wilaya kwa Kiswahili chepesi, mwaka mzima, uchaguzi uwepo usiwepo. Walimu wa uraia mlioko hapa, wapelekeni wanafunzi wenu kwenye mkutano mkuu wa kijiji mara moja kwa muhula, wakaone maswali yanavyoulizwa. Na nyinyi vijana wa chuo, mkirudi makwenu likizo, mwulizeni bibi kama jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura. Kama halimo, mpelekeni akaandikishwe, na siku ya kura mumwache achague anayemtaka yeye.